Siku moja Haller Park na mtoto wa miaka 2, toka asubuhi mpaka anapolala

Desemba ikishaingia hapa Mombasa, shule zimefungwa, kaskazi yavuma na jua ni lile la utosi, kila nyumba watoto wanauliza tunapelekwa wapi. Mtoto mkubwa hana tabu, mpeleke popote atacheza mwenyewe. Huyu mdogo wa miaka miwili ndo kazi, maana hawezi kungoja, hawezi kutembea mbali, hawezi kukwambia kichwa chamuuma, na usingizi wake ukishampita basi hakuna kitu kitamfurahisha tena hata umpe nini.

Mimi nakaa Likoni, wangu ana miaka miwili na miezi tisa sasa, na nishamtoa matembezi mara kadhaa. Nyingi zilikuwa nzuri, moja ilikuwa mbaya sana na hiyo ndo ilonifunza, kwa hivyo naianza hiyo.

Alikuwa ametimiza miaka miwili tu. Tukaenda familia nzima mahali pa michezo ya maji, mimi, babake, khalti yake na binamu zake wawili wakubwa. Tulifika saa tano na nusu, foleni ya tiketi nusu saa juani, tukalipa kiingilio cha kila mtu. Kuingia ndani mtoto akaona zile slaidi, maji yashuka kwa nguvu na watu wapiga mayowe, akanishika shingo akawa hashuki. Hata kile kidimbwi cha watoto cha maji ya magotini hakukitaka. Na pesa tushatoa. Tukajiambia atazoea tu, saa sita ikapita, saa saba, saa nane, analia, anasinzia kidogo kwenye kiti cha plastiki, anashtuka analia tena. Jioni shingo na mgongo ni harara tupu, midomo imekauka, na daipa nilomvika saa saba mchana ilikuwa bado kavu saa moja ya usiku. Hiyo daipa ndo ilonitia hofu kushinda kile kilio chote. Tulikesha tukimpa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwa kijiko, na alhamdulillahi alfajiri akakojoa.

Ile tiketi ndo ilotufunga pale. Toka siku hiyo naipanga siku kwa usingizi wake, na natoka nyumbani na vitu viwili tu vya kumuonyesha. Vikitimia hivyo viwili twarudi, hata kama tumelipa na geti halijafungwa. Mahali nnapopapenda kwa umri huu ni Haller Park kule Bamburi, na ntawaeleza vile sisi hufanya.

Kwa nini Haller Park

Kivuli. Hiyo ndo sababu ya kwanza na ya pili. Pale palikuwa mashimo ya kuchimbwa mawe ya kiwanda cha simiti cha Bamburi, mwamba mtupu unachoma, na maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi alokuwa akifanya kazi kiwandani, akaanza kujaribu miti pale. Mingi ilikufa, ilokubali vizuri ni mivinje. Lakini majani ya mvinje yalikuwa yakianguka hayaozi, yajazana tu, mpaka wakaleta jongoo, wale wakubwa, wakawa wanakula yale majani na mavi yao yakawa ndo udongo. Hivi leo unatembea chini ya msitu, na kaskazi ikipita juu ile miti yalia shuuu kama bahari. Kwa mtoto wa miaka miwili tofauti ya kivuli kile na uwanja wa saruji ni kubwa mno, wallahi utaiona usoni mwake.

Sababu nyengine ni kuwa vitu vyenyewe viko pale pale chini alipo yeye. Kobe ni wa urefu wake. Jongoo anamuona yeye kabla yako. Hahitaji kupanda kitu wala kupimwa kimo.

Hatua ya kwanza: chagua siku, halafu hesabu saa kwa kurudi nyuma

Kama unaweza ngoja Agosti, ngoja. Wakati huo ni kusi, kuna upepo na jua limepoa. Lakini wengi wetu likizo ndefu ni hii ya Desemba na hapo ndo joto, mpaka Machi, kwa hivyo cha kuchagua ni siku na saa. Epuka Krismasi na kesho yake, epuka mwaka mpya, epuka siku za Idd, maana siku hizo Mombasa nzima iko nje na wageni wa bara juu yake. Jumanne au Jumatano ya kawaida ndo nzuri.

Sasa saa. Twiga wanalishwa mara mbili, saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na viboko saa kumi. Wangu analala saa saba mchana. Kwa hivyo lazima saa sita na nusu niwe garini, ina maana saa sita naanza kutoka, twiga ni saa tano, na kabla ya hapo nampa saa moja na nusu ya kutembea polepole. Nifike saa tatu na nusu basi. Fanya hesabu hiyo kwa mtoto wako, anza na saa yake ya kulala uje nyuma. Kama wako analala saa tano asubuhi, huyo mpeleke mchana baada ya kuamka, wahi twiga wa saa tisa na viboko, wala usimburute asubuhi.

Hatua ya pili: mkoba, usiku wa kabla

Mkoba mmoja wa mgongoni, si zaidi, sababu mikono miwili ni ya mtoto. Mimi hutia:

- leso doti moja, yani vipande vyote viwili
- daipa nne, tishu za maji, mfuko wa kutilia chafu
- nguo moja ya kubadilisha, ya pamba, na kofia yenye ukingo
- chupa mbili za maji, moja nimeigandisha nusu kwenye friza halafu asubuhi naijaza
- ORS pakiti mbili
- chakula kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana
- kitambulisho changu, maana bei ya mwananchi na ya mgeni si moja, na pesa kwenye simu

Leso ndo kila kitu hapo. Kipande kimoja nambebea mgongoni, cha pili ni mkeka, ni chandarua cha jua kwenye matatu dirishani, ni pazia la kubadilishia daipa, ni shuka akilala. Kigari cha kusukuma kiache nyumbani. Nilikibeba mara moja, kwenye feri ni mzigo, kwenye matatu makanga anakasirika, na kwenye zile njia za mchanga na mizizi magurudumu yanazama, mwisho ukajikuta wabeba mtoto na kigari pia.

Chakula sikiliza hapa. Usibebe wali wa nazi wala mbaazi za nazi. Kwa joto la Desemba cha nazi kikikaa mkobani toka alfajiri kufika saa tano kishachacha, na tumbo la mtoto halina msamaha. Mimi hubeba mahamri makavu, viazi vya kuchemsha na chumvi kidogo, mayai ya kuchemsha, ndizi mbili. Vitu vya sukari na mabuyu nawaachia wakubwa, vyatia kiu bure.

Na asubuhi kabla hamjatoka mvike fulana ya rangi kali, nyekundu au manjano, halafu mpige picha kwa simu. Akipotea kwenye watu huna haja ya kukumbuka alivaa nini, unaonyesha tu. Nambari yako ya simu iandike kwa kalamu ya wino mkononi mwake, upande wa ndani juu ya kiwiko, asiifute kwa jasho upesi. Mafuta ya jua pia mpake nyumbani nusu saa kabla, SPF 30 kwenda juu, usisahau masikio na nyuma ya shingo, usingoje mpaka mfike getini ndo mnahangaika.

Hatua ya tatu: njia

Kwa sisi wa Likoni feri ndo mtihani. Saa moja asubuhi siku ya kazi ni msongamano wa watu wanaokimbilia kazini, kwa hivyo mimi hushuka karibu saa mbili unusu. Mtoto usimtembeze pale hata kama analia ataka kushuka, geti likifunguliwa watu wateremka kwa kishindo na yeye ni wa kimo cha magoti, hakuna anayemuona. Mfunge mgongoni na leso kabla hujafika bandani. Mara ya mwisho kuna mzee alikuwa mbele yangu akageuka akaona nimebeba, akawaambia wenziwe, "Hebu mpisheni mamangu huyu ana mtoto," nikapita mpaka ukingoni penye upepo. Watu wa huku wana huruma na mtoto, ukisaidiwa pokea.

Ng'ambo ya pili chukua matatu ya Bamburi au Mtwapa inayopita Nyali, iko kwenye barabara ya Malindi, mwambie makanga akushushe Haller Park. Kaa upande usio na jua, kwenda kule asubuhi jua liko kulia, kwa hivyo kushoto. Kama mko wakubwa wawili ama watatu fikirieni tuktuk toka mjini, mkigawana si ghali sana na mtoto apata hewa.

Hatua ya nne: ndani, kabla ya twiga

Ukishalipa uliza pale getini saa za kulisha siku hiyo ni zile zile, halafu uliza choo kiko wapi. Vitu hivyo viwili, halafu ndo uingie.

Sasa hapa wazazi wengi tunakosea, twataka kumaliza park yote. Mamba, viboko, nyoka, samaki, pofu, tumbili, yote kwa sababu tumelipa. Mtoto wa miaka miwili hahesabu hivyo. Wangu mara ya kwanza alisimama kwenye jongoo mmoja dakika karibu ishirini. Amechuchumaa, mikono kwenye magoti, anaangalia ile miguu inavyokwenda kama wimbi toka nyuma hadi mbele, akimfuata hatua moja, anachuchumaa tena. Mimi moyoni nasema twende, twende, kobe wako kule. Babake akaniambia, "Muache bana, si ndo kilichomleta." Na kweli.

Kwa hivyo muache. Ila jongoo asimshike, na kama ameshamshika muoshe mikono kwa maji na sabuni kabla hajajipangusa macho, yule mdudu akiogopa hutoa majimaji yanayochoma. Na viatu asivue. Zile mbegu za mvinje zimejaa chini, ni ndogo ngumu zina ncha, akizikanyaga na nyayo tupu hatembei tena siku hiyo, utambeba wewe.

Kobe ndo kitu changu cha kwanza kati ya vile viwili. Ni wale wakubwa wa Aldabra, wengine mgongo wake ni kama sufuria la pilau la arusi, na wanakwenda polepole kiasi cha mtoto kuwafuata. Mwambie aguse gamba, asiguse kichwa, na asipande juu. Ukifika hapo ndo msimulie ya Owen na Mzee. Owen alikuwa kitoto cha kiboko, akaachwa peke yake pwani ya Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa hapa Haller Park, akamshikilia kobe mmoja aitwaye Mzee, wa miaka kama 130, akawa analala naye, anakula naye, anamfuata kila aendako. Kwa mtoto wa umri huu yote hayo yanakuwa sentensi moja, "kiboko hana mama, kobe akawa rafiki yake." Wangu aliisikia mara moja na mpaka leo usiku ataka aambiwe tena, na huuliza mama yake kiboko alikwenda wapi, na mimi humwambia maji yalimchukua, sijui kumficha.

Kila nusu saa maji, hata kama hajaomba. Mafunda mawili matatu tu. Akikataa mpe kifuniko cha chupa anywe nacho, sijui kwa nini ila kifuniko hawakikatai.

Hatua ya tano: twiga

Hii ndo ya pili na ndo kubwa. Fika kwenye ile jukwaa la kulishia robo saa mapema, watu wakishajaa mtoto anaona migongo tu. Chakula chao ni punje punje zilizoshindiliwa, unatiwa kiganjani.

Elewa kuwa kwa mtoto mdogo twiga kutoka mbali ni picha, lakini kichwa kikishuka pale jukwaani ni kirefu karibu sawa na yeye mzima. Atashtuka. Usimpokonye mkono ukaupeleka mdomoni kwa twiga ili upate picha, nimeona watu wanafanya hivyo na mtoto alia mpaka aondolewe. Simama naye hatua tatu nyuma, umembeba, lisha wewe kwanza. Acha aone mkono wako umerudi mzima. Ule ulimi ni mrefu, kama futi moja na nusu hivi, rangi ya zambarau ilokoza karibu nyeusi, wapita kiganjani kama msasa halafu unaacha ute mzito wa kuvutika. Mimi hucheka kwa sauti pale, nampa aone kiganja changu na ule ute, nasema "angalia, amenilamba." Safari ya kwanza alijificha uso kwenye leso akawa achungulia kwa jicho moja, na tukaondoka hivyo hivyo, sikumlazimisha. Safari ya pili alitupa punje moja kutoka mbali. Ya tatu akakunjua kiganja mwenyewe. Akasema "Mama, moto!" Alikuwa na maana pumzi ya twiga, ina joto ikikupiga mkononi, na mimi nilikuwa sijaigundua siku zote hizo.

Kiganja kiwe wazi kabisa, vidole pamoja. Ukimaliza muoshe mikono kabla ya chochote kingine.

Chakula, na tumbili

Kula baada ya twiga, karibu saa tano na nusu, mtandike leso chini ya mvinje mahali pasipo na watu wengi. Lakini tumbili wapo na wana macho. Wanajua sauti ya mfuko ukifunguliwa. Fungua mkebe, toa kipande kimoja, funga mkebe, na mtoto ale akiwa mapajani mwako, asitembee na mahamri mkononi, maana tumbili hamuogopi mtoto hata kidogo, anamnyakua. Usiwalishe hata ukiona wengine wanawalisha. Na Mungu aepushe, akimparuza au kumuuma, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo wamuangalie kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, usingoje kesho hata kama kidonda ni kidogo.

Hatua ya sita: toka akiwa bado ana furaha

Hii ndo ngumu kushinda zote. Saa sita ikifika mtoto yuko sawa, anacheka, wakubwa wataka kuona mamba, khalti yake asema tukimaliza hapa twende Pirates tukaoge bahari mara moja. Kataa. Mwambie kwa adabu, "Khalti, nyinyi bakini, mimi na mtoto twatangulia." Ile furaha ya saa sita ni mafuta ya mwisho kwenye taa, dakika arobaini baadaye amezira yuko chini anagaagaa na jua liko katikati ya utosi. Kama muna watoto wakubwa, ndo maana nasema muwe wakubwa wawili, mmoja abaki nao mpaka viboko.

Usimwambie "twende nyumbani," hilo neno laleta kilio. Mimi humwambia twende tukawaage kobe. Twawaaga mmoja mmoja, kwaheri kobe, na njia ya kobe ndo njia ya geti.

Garini mvue viatu, mpangushe uso na shingo kwa kitambaa cha maji ya ile chupa ya barafu, mpe anywe, mtie leso. Wangu hajawahi kufika daraja la Nyali akiwa macho. Feri navuka naye amelala mgongoni.

Nyumbani

Muache alale mpaka aamke mwenyewe. Akiamka koga ya maji ya kawaida, si baridi sana, mkaushe vizuri kwenye mikunjo ya shingo na makwapa, pale ndo harara huanzia, mvike kitu chepesi au muache tumbo wazi. Mpe uji au supu. Angalia daipa. Kama ni kavu kwa muda wa masaa sita mfululizo, au analia bila machozi, au amelegea hataki hata kunyonya maji, hiyo si uchovu wa matembezi, mpe ORS kidogo kidogo na umpeleke hospitali.

Kama yote ni salama mtapata alasiri tulivu. Wangu jioni ile alikuwa sakafuni anatambaa kwa tumbo, polepole, mto umewekwa mgongoni, ataka nimfuate. Viboko wa saa kumi bado hatujawaona, nawangojea aache kulala mchana, labda Desemba ijayo inshallah.